Viatu vya Daktari Livingstone

Ukikulia Choma, kule Igunga, unajifunza mapema kwamba kiatu ni mali. Ardhi yetu ni mbuga nyeusi. Kiangazi inapasuka nyufa za kumeza kandambili, masika inanata kama ugali mbichi, kila hatua unanyanyua udongo wa kujengea. Shuleni tulienda viatu mkononi, tukavivaa tukishakaribia geti. Kiatu kilikuwa kimoja kwa mwaka mzima, na mguu ukichafuka unaoshwa, basi.

Hilo lilinirudia kichwani siku nilipofika Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, kwenye lile tembe ambalo siku hizi ni makumbusho ya Livingstone. Wengi wetu tunamjua huyu mzee kwa mambo mawili tu ya kwenye mtihani: alikutana na Stanley Ujiji, na alifia Zambia. Katikati hapo kuna mtu aliyetembea karibu maisha yake yote, halafu miguu ikamgomea. Leo naomba tumsome kuanzia chini, kwenye viatu.

Mtoto wa kiwandani

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 Blantyre, kijiji cha kiwanda cha pamba karibu na Glasgow, Scotland. Familia nzima iliishi kwenye chumba kimoja. Alipotimiza miaka 10 aliingizwa kiwandani. Kazi yake ilikuwa kuunga nyuzi zinazokatika, kwa hiyo alishinda kwa miguu, huku na huku kati ya mashine, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Akitoka hapo anaingia darasa la usiku hadi saa 4. Sehemu ya mshahara wake wa kwanza alinunulia kitabu cha sarufi ya Kilatini. Kitabu anakiegesha juu ya mashine, kila akipita anadaka sentensi moja. Wale tunaosema hatuna muda wa kupiga msuli, tumsikie huyu kwanza.

Mwaka 1836 alianza kusoma udaktari Glasgow. Bumu hakuna. Ada aliitafuta mwenyewe kwa kurudi kiwandani wakati wa kiangazi. Siku ya kwanza alikwenda chuo kwa mguu pamoja na baba yake, kwenye theluji, mwendo wa kama kilomita 13, wakazunguka mjini mpaka wakapata chumba cha shilingi mbili kwa wiki. Baadaye, alipokuwa akifunzwa umisionari huko Ongar, kusini mwa Uingereza, aliwahi kuondoka alfajiri kwenye ukungu akaenda London kwa mguu na kurudi siku hiyohiyo. Ni zaidi ya kilomita 80. Alirudi hoi, lakini alirudi. Tangu hapo, na pengine hata kabla ya hapo, alijiona mtu ambaye miguu yake haiwezi kumwangusha.

Alifika Afrika Kusini mwaka 1841. Ya huko nayapitia haraka. Mwaka 1844 simba alimvunja mkono wa kushoto, na mfupa ule haukuunga vizuri tena. Mwaka 1845 alimuoa Mary Moffat, binti wa mmisionari. Kati ya 1854 na 1856 alivuka bara kutoka Luanda, upande wa Atlantiki, hadi Quelimane kwenye Bahari ya Hindi, akiwa na Wamakololo waliopewa kazi hiyo na mfalme wao Sekeletu. Safari hiyo iliyompa jina duniani hakuitembea yote kwa mguu. Sehemu kubwa alipanda maksai mmoja mkorofi aliyeitwa Sinbad. Alirudi Uingereza akiwa shujaa, kitabu chake kikauzwa sana. Kisha ikaja safari ya mto Zambezi, kuanzia 1858 hadi 1864, ambayo ilimchukua mke wake. Mary alifia Shupanga mwaka 1862.

Siku 80 ndani ya kibanda

Mwaka 1866 alianza safari yake ya mwisho kutokea Zanzibar. Alikuwa na miaka 53. Alitaka kujua chanzo cha mto Nile, na alitaka dunia ione biashara ya utumwa inavyofanyika ndani ya bara. Alianza na watu wengi kutokea upande wa Ruvuma, wakampungukia mmoja mmoja. Wale wa kutoka Anjuani walirudi pwani na uongo kwamba Daktari ameuawa. Januari 1867 sanduku lake la dawa liliibiwa. Hebu fikiria: daktari, katikati ya homa, bila kwinini.

Aliendelea. Aliliona ziwa Tanganyika, ziwa Mweru, na mwaka 1868 ziwa Bangweulu. Mwaka 1869 alifika Ujiji akiwa taabani, akavuka ziwa kwenda Manyema, nchi ambayo leo iko mashariki mwa Kongo. Hapo ndipo stori ya miguu inapoanza kweli.

Mwishoni mwa Juni 1870 alitoka kijiji cha Bambarre akielekea mto Lualaba. Waliobaki naye kwa uaminifu walikuwa watatu tu: Susi, Chuma na Gardner. Mvua ilikuwa imenyesha. Njia ilikuwa tope, magogo, mizizi na vijito vya kuvuka na viatu vikiwa vimelowa. Mguu unaokaa ndani ya kiatu kibichi kutwa nzima unalainika kama sabuni iliyosahauliwa kwenye beseni, na mchubuko mdogo tu unageuka mlango. Kwake mlango ulifunguka. Kwa mara ya kwanza maishani miguu yake ilimwangusha. Badala ya kupona, michubuko ikawa vidonda vinavyokula nyama, vile ambavyo mtaani tunaviita donda ndugu. Alikanyaga chini, usaha wenye damu ukatoka. Usiku maumivu yalimnyima usingizi.

Julai alirudishwa Bambarre, akakaa kibandani siku 80 bila kutoka. Alijaribu alichokijua kama daktari, havikusikia. Kilichosaidia hatimaye ni malakiti, jiwe la kijani lenye shaba. Linasagwa juu ya jiwe jingine kwa maji, halafu linapakwa kidondani kwa unyoya wa ndege. Msomi wa Glasgow aliponea hapo.

Lakini kitu kingine alichokiandika kwenye shajara yake kutoka kibanda kile ndicho kinachonikaa zaidi. Vidonda hivihivi ndivyo vilivyokuwa vinawaua watumwa. Aliwasikia usiku wakilia kambini, wamefungwa, miguu imeoza, na hakuna wa kuwapaka malakiti. Mtumwa asiyeweza kutembea hakuwa na faida kwa aliyemnunua. Mzungu mwenye donda anasubiri kibandani hadi apone. Mwenye mnyororo shingoni hana siku 80.

Alipopona aliendelea hadi Nyangwe, kwenye Lualaba. Huko, tarehe 15 Julai 1871, aliona watu wa wafanyabiashara wa utumwa wakifyatulia risasi umati sokoni, wengi wao wanawake, na mamia wakafa kwa risasi na kwa kuzama mtoni. Na hapa tusimpambe. Livingstone alikuwa akila na kusafiri kwa msaada wa wafanyabiashara haohao, kwa sababu bila wao asingefika popote. Alilijua hilo na lilimtesa. Baada ya Nyangwe hakuweza tena kukaa nao. Aligeuza, akarudi Ujiji mwezi Oktoba, mgonjwa, mifupa mitupu, na akakuta bidhaa zake zote zimeuzwa.

Kisu na viatu vya Kifaransa

Stanley alimkuta hapo. Mambo ya salamu yao mnayajua, nayaruka. Walizunguka pamoja kaskazini mwa ziwa, wakathibitisha kwamba mto Ruzizi unaingia ziwani wala hautoki. Kisha tarehe 27 Desemba 1871 waliondoka Ujiji kuja huku kwetu, Unyanyembe. Mwanzo walifuata ufuko kwa mitumbwi, halafu wakashika nchi kavu. Leo Kigoma hadi Tabora ni usiku mmoja kwenye treni. Wao iliwachukua zaidi ya siku 50 kwa jumla, tena masika.

Livingstone alivaa viatu vya Kifaransa visivyomkaa. Vilimbana, vikamchubua, damu ikatoka. Alifanya nini? Alichukua kisu akavichana hapa na pale ili sehemu zenye malengelenge zipumue. Stanley, aliyekuwa anaona yote, aliandika kwamba viatu vile vilichakaa na kukatwakatwa kiasi kwamba hakuna hata mpagazi mmoja kwenye msafara ambaye angevipokea bure.

Kukata kiatu kipya kwa kisu si wazimu. Kuna watu wanafanya hivyo kila siku kwa utaalamu mkubwa, nao ni wachezaji wa baleti wanaosimama kwa ncha za vidole. Kiatu chao kinatoka dukani kigumu. Mbele kina kikombe cha tabaka za kitambaa na karatasi zilizokazwa kwa gundi, chini kina soli ngumu ya kushikilia unyayo. Mchezaji hakivai hivyohivyo. Anakikunja soli mpaka ipinde pale unyayo wake unapopinda. Anakiponda kile kikombe kidogo kidogo. Anakwangua soli isiteleze, anakata kitambaa cha ncha, anashona utepe na mpira kwa mkono wake mwenyewe. Baada ya mchezo anakianika, maana jasho likibaki ndani gundi inalainika na kiatu kinakufa. Hata hivyo, jozi moja inaweza isimalize zaidi ya onyesho moja. Anayafanya yote hayo kabla ya jukwaa, kwa sababu pazia likishafunguka hakuna muda wa kutafuta kisu.

Livingstone alikata akiwa tayari jukwaani. Kidonda kilishatangulia, kisu kikaja nyuma. Kwa mtu aliyepoteza siku 80 mwaka 1870 kwa sababu ya miguu, hili linashangaza, lakini kwa kweli hakuwa na namna. Viatu vilikuwa ni vile alivyovipata, na njia haimsubiri fundi. Kilichomsukuma mbele ni ule ukaidi wa mtoto wa kiwandani, ukaidi uliomfikisha mbali na uliokuwa unamla polepole.

Tarehe 18 Februari 1872 waliingia Kwihara. Ndani ya tembe kulikuwa na mizigo iliyotumwa kwake kutoka Uingereza. Alikuta shati za flaneli kutoka kwa binti yake Agnes, na jozi mbili za mabuti mazuri ya Kiingereza kutoka kwa rafiki yake Horace Waller. Mtu aliyekata viatu vyake vipandevipande njiani anakuta mabuti mapya yanamsubiri Tabora. Naamini siku ile alikaa chini kabla ya kuyavaa.

Mabuti mapya, mwili uliochoka

Stanley aliondoka Kwihara tarehe 14 Machi kurudi pwani, akaahidi kutuma watu. Livingstone alibaki akisubiri miezi mitano. Tarehe 14 Agosti walifika watu 57, na tarehe 25 mwezi huohuo safari ikaanza kuelekea kusini, kuzunguka Tanganyika hadi Bangweulu. Alikuwa bado anatafuta Nile, na alikuwa amekosea. Lualaba ni mto Kongo.

Sasa mabuti yalikuwepo, ila mwili ulikwisha. Alikuwa akitokwa na damu tumboni. Masika ya 1873 yaliwakuta kwenye madimbwi ya Bangweulu, maji hadi kiunoni, mahali pengine hadi shingoni. Hapo mabuti ya Waller hayakuwa na kazi. Daktari alibebwa mabegani, akipokezanwa na Susi, Chowpere na wenzao. Walikuwa wanazama mguu hadi paja kila walipokanyaga alama ya kwato za tembo iliyojificha ndani ya maji. Aprili alijaribu kupanda punda, akaanguka. Wakamtengenezea kitanda cha kubebea, na kwenye shajara aliandika kwa neno letu hilohilo, kitanda.

Alfajiri ya tarehe 1 Mei 1873, kijijini kwa Chitambo, walimkuta amepiga magoti kando ya kitanda, amekufa.

Miguu ya wengine

Maisha ya Livingstone yangeweza kuishia hapo. Yeyote angeelewa kama wangemzika na kutawanyika. Aliyewaajiri amekufa, pwani iko mbali, na kubeba maiti kupita nchi za watu ni kutafuta balaa. Walikaa kikao, wakaamua kumpeleka kwao.

Tuwajue walioongoza. Chuma alikuwa Myao. Mwaka 1861, akiwa mtoto, alikuwa kwenye msafara wa watumwa ambao Livingstone na wamisionari waliukomboa kwenye milima ya Shire. Susi alitoka Shupanga, akaanza naye kazi ya boti mwaka 1863. Halima, mpishi, alikuwepo. Jacob Wainwright, aliyesomeshwa Nasik nchini India pamoja na watumwa wengine waliokombolewa, ndiye aliyesoma sala ya maziko. Moyo na matumbo waliyazika chini ya mti wa mpundu. Mwili waliutia chumvi, wakauanika juani wiki mbili, wakauvika kitambaa na gome la mti, wakashonea turubai, wakautundika kwenye mti wa kubebea.

Wakaanza kutembea. Mwanzoni tu wengi waliugua viungo, wakakwama karibu mwezi, na wanawake wawili walifariki. Oktoba walifika Tabora, wakamkuta Luteni Cameron, Mwingereza aliyekuwa ametumwa kumtafuta Livingstone. Yeye alishauri mwili uzikwe hapahapa. Walikataa. Kwa heshima, lakini walikataa. Mbele kidogo waliposikia kuwa vijiji havitaki maiti ipite, walifunga mabua kama maiti, wakajifanya wanairudisha Unyanyembe. Mwili halisi waliufunga upya uonekane robota la kitambaa. Februari 1874 walifika Bagamoyo. Miezi tisa, zaidi ya kilomita 1,600.

Pale pwani walilipwa mishahara yao, wakaambiwa basi. Aliyesindikiza mwili hadi Uingereza alikuwa Jacob Wainwright. Uliwasili huko, wakaukagua ule mfupa wa mkono uliovunjwa na simba, wakajua ni yeye, wakamzika Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma waliitwa Uingereza baadaye, maziko yakiwa yamekwisha. Kazi yao ilikuwa kukaa na mhariri wa shajara za mwisho na kumweleza kila kitu, siku kwa siku. Mhariri huyo alikuwa Horace Waller, yuleyule wa mabuti.

Chuma aliendelea kuongoza misafara hadi alipofariki Zanzibar mwaka 1882. Susi alimfuata mwaka 1891.

Mimi simchukii Livingstone, na wala simtukuzi. Aliandika juu ya mateso ya utumwa kwa namna iliyowaamsha watu kwao, na njia alizozichora zilitumiwa baadaye na waliokuja kututawala. Yote mawili ni kweli. Ninachosema ni kwamba tumefundishwa njia hii kama historia ya mtu mmoja mwenye mabuti. Wapagazi wa Kinyamwezi waliokuwa wanabeba kilo 30 na zaidi kutoka Tabora hadi pwani, watumwa wenye donda ndugu, na wale waliobeba maiti miezi tisa, ndio walioitengeneza hasa. Mabuti tunajua hata aliyeyatuma. Wabebaji, ukimuuliza mwenzako wa chumbani leo ataje watatu, atakwama kwa Susi na Chuma.

Kwihara si mbali. Wikiendi moja mkiwa na nafasi, nendeni. Na kama mtakwenda kwa mguu, vaa kile kiatu ambacho mguu wako umekizoea. Kile kipya cha juzi kiache hosteli, ukivae jioni kidogo kidogo, kikunje, kianike. Siku yake itafika.